Leh, mji wa milimani usiomtaka mgeni mwenye haraka

NDEGE inayotoka Delhi, mji mkuu wa India, hutumia muda wa saa moja na robo hivi kufika Leh. Abiria hupanda akiwa katika mwinuko wa mita zipatazo 200 kutoka usawa wa bahari, na hushuka katika uwanja ulio juu ya mita 3,200. Mji wenyewe, ambao ndio kitovu cha eneo la Ladakh nyuma ya safu kuu ya milima ya Himalaya, uko mita 3,500 hivi.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, mfano ulio karibu ni Kilimanjaro. Mpanda mlima anayepita njia ya Marangu huanzia katika lango lililo juu kidogo ya mita 1,800, hulala usiku wa kwanza Mandara, na kufika kambi ya Horombo, mita 3,720, siku ya pili. Njia nzima waongozaji na wapagazi humkumbusha neno lile lile: polepole. Anayeruka kwenda Leh hukaribia kimo hicho kabla chai aliyopewa ndani ya ndege haijapoa, na pale uwanjani hakuna mpagazi wa kumkumbusha lolote.

Hapo ndipo penye hatari. Msafiri hutoka nje, jua kali, anga ya buluu isiyo na wingu, milima ya kahawia na theluji juu yake, naye anajiona mzima kabisa. Anataka kupanda hadi kasri la kale siku hiyo hiyo. Kesho yake anataka gari la kumpeleka kwenye barabara iliyo juu zaidi. Ugonjwa wa mwinuko, hata hivyo, haumpokei mtu uwanjani. Kwa kawaida huanza saa sita hadi 12 baada ya kufika, yaani usiku, mtu akiwa amekwisha kujifungia chumbani.

Safari ya mtu mmoja, asiye na kundi wala ratiba ya saa kwa saa, anayekaa mji mmoja kwa wiki mbili badala ya kupita miji saba, imekuwa ikipata wafuasi wengi duniani. Mahali pengine kwenda polepole ni hiari ya msafiri. Leh ni sharti la mwili wake na, kama itakavyoonekana, ni sharti la mji wenyewe pia.

Mji wa misafara

Wenyeji wa Leh hawakuanza jana kupokea wageni. Kwa karne nyingi mji huu ulikuwa kituo cha misafara ya farasi, ngamia na yaki, ng'ombe wenye manyoya marefu wa nyanda za juu. Misafara hiyo ilipita kati ya Kashmir, Punjab na Tibet, na nyingine ilivuka milima ya Karakoram hadi Yarkand, ambayo leo iko magharibi mwa China. Bidhaa moja iliyotafutwa mno ilikuwa pashmina, sufu laini ya mbuzi wa nyanda baridi, iliyopelekwa Kashmir kufumwa shali.

Wafanyabiashara hao nao walikuwa wasafiri wa polepole, kwa kuwa hawakuwa na namna nyingine. Waliokawia njiani walikuta milango ya milima imezibwa na theluji, wakabaki Leh hadi majira yajayo. Baadhi walioa hapo na hawakurudi.

Historia hiyo inaonekana katika mwendo wa dakika chache. Juu ya mji limesimama kasri la ghorofa tisa lililojengwa na Mfalme Sengge Namgyal katika karne ya 17. Chini yake, mwisho wa barabara ya soko, upo Msikiti wa Ijumaa wa karne hiyo hiyo. Wabudha, Waislamu wa Suni na wa Shia, pamoja na Wakristo wachache waliotokana na wamisionari wa Moravian waliofika mwaka 1885, wote wana mahali pao pa ibada katika mji ambao sensa ya mwaka 2011 iliukuta na watu wapatao 30,000 tu.

Baada ya mipaka ya China kufungwa katikati ya karne ya 20, misafara ilikoma na Ladakh ikawa eneo la kijeshi. Ilifunguliwa kwa watalii mwaka 1974. Tangu hapo idadi ya wageni imepanda kutoka mamia hadi mamia ya maelfu kwa mwaka, na sehemu kubwa yao ni Wahindi wenyewe wanaokimbia joto la nchi tambarare.

Kinachotokea mwilini

Watu wengi hudhani kwamba juu milimani hewa ina oksijeni kidogo kwa kiwango chake. Kiwango ni kile kile, asilimia 21. Kinachopungua ni mgandamizo wa hewa. Katika mita 3,500 mgandamizo huo ni takriban theluthi mbili ya ule wa Dar es Salaam au Mombasa, hivyo kila pumzi huingiza mwilini theluthi mbili tu ya oksijeni iliyozoeleka.

Mwili hujibu kwa hatua. Ndani ya saa chache mtu huanza kupumua haraka na kwa kina zaidi, na moyo hupiga mbio. Kupumua huko hutoa hewa ya kaboni kupita kiasi na kuvuruga uwiano wa asidi katika damu, na figo huchukua siku kadhaa kuurekebisha. Ongezeko la maana la chembe nyekundu za damu huhitaji wiki nzima na zaidi. Hakuna hatua inayoweza kurukwa kwa fedha wala kwa ujasiri.

Usiku wa kwanza aliyelala peke yake anaweza kuzinduka kwa hofu. Pumzi yake ilikuwa imesimama kwa sekunde kadhaa, kisha ikarudi kwa kishindo. Hali hiyo ni ya kawaida katika mwinuko, na kwa yenyewe si dalili ya hatari. Dalili za ugonjwa ni kuumwa kichwa kunakoambatana na kichefuchefu, kukosa hamu ya chakula, uchovu usio na sababu au kizunguzungu.

Hali hiyo ikipuuzwa inaweza kuzaa magonjwa mawili yanayoua. La kwanza ni maji kujaa mapafuni: mgonjwa hukohoa na kukosa pumzi hata akiwa ameketi. La pili ni ubongo kuvimba: mgonjwa huchanganyikiwa na kuyumba kama mlevi.

Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba nguvu za misuli si kinga. Kijana mwanariadha huugua sawa na mwalimu mstaafu, na mara nyingine zaidi yake, kwa kuwa hupanda kwa kasi. Mwaka 1976 madaktari Peter Hackett na Drummond Rennie walichapisha matokeo ya uchunguzi wao kwa wasafiri waliopita Pheriche, nchini Nepal, katika njia ya kuelekea Everest. Walioanza safari kwa kuruka na ndege hadi Lukla waliugua kwa kiwango kikubwa kuliko waliotoka bondeni kwa miguu.

Hatari ya kuwa peke yako

Msafiri aliye na wenzake ana macho ya ziada. Mwenzake ataona kwamba jana alikuwa mcheshi na leo hajibu, au kwamba anashindwa kufunga kamba za viatu. Aliye peke yake hana macho hayo. Na ubongo unaokosa oksijeni ndio huo huo anaoutegemea kuamua kama yu mgonjwa. Mlevi hajui kuwa amelewa.

Kwa sababu hiyo, msafiri wa Leh anayekwenda peke yake hupaswa kutafuta mtu wa kumwangalia siku ile ile anayofika. Katika nyumba nyingi za wageni za mji huo hilo si gumu, kwani ni nyumba za familia: mama mwenye nyumba hulima mboga nyuma, na wageni hulala vyumba vya juu. Inatosha kumwambia kwamba umefika leo kwa ndege, kwamba uko peke yako, na kwamba usipoonekana kwa chai ya asubuhi mlango ubishwe.

Lipo pia jaribio jepesi. Mtu ajaribu kutembea katika mstari ulionyooka, kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mwingine. Akishindwa kufanya hivyo kwenye sakafu tambarare, asingoje asubuhi.

Kanuni tatu hufundishwa kwa wapanda milima wote. Ya kwanza, kila unapojisikia vibaya katika mwinuko, chukulia kwamba ni ugonjwa wa mwinuko hadi ithibitike vinginevyo. Ya pili, usipande zaidi ukiwa na dalili. Ya tatu, hali ikizidi kuwa mbaya, shuka mara moja.

Kanuni ya tatu ina ugumu wake Leh. Barabara kuu zinazotoka mjini hupanda kwanza kabla ya kushuka, na hata anayefuata bonde la mto Indus kuelekea magharibi hupungua kidogo tu kwa mwendo mrefu. Njia ya haraka ya kushuka ni ndege, nazo nyingi huruka asubuhi, kabla upepo wa mchana haujaanza. Anayezidiwa saa mbili usiku hana pa kukimbilia ila hospitali ya mji, ambayo ina uzoefu mkubwa wa kuwapa wageni oksijeni na kuwalaza hadi hali itulie.

Ipo dawa ya asetazolamidi ambayo huusaidia mwili kuzoea mwinuko, na wengi huianza siku moja kabla ya safari. Inahitaji ushauri wa daktari, hasa kwa wenye mzio wa dawa za salfa. Pombe na dawa za usingizi ni vya kuepukwa siku za kwanza, kwani hudhoofisha pumzi usiku.

Siku za kukaa

Siku mbili za kwanza ni za kutofanya kitu. Kutofanya kitu huku si kupoteza muda, kwa sababu ndiko kunakozifanya siku zilizobaki ziwezekane. Msafiri hunywa maji, hula kidogo kidogo, huketi juani kwenye paa la nyumba na kutazama wenyeji wakigeuza aprikoti zinazokaushwa. Hujifunza neno moja litakalomfikisha mbali, julley, ambalo Waladakhi hulitumia kwa salamu, kwa kuagana na kwa kushukuru.

Siku ya tatu huweza kwenda sokoni, ambako wanawake wa vijijini huketi kando ya barabara na mafungu ya mboga, kisha akaonja mkate wa khambir na chai ya siagi na chumvi ambayo wageni wengi huiona kama supu. Siku ya nne hupanda taratibu hadi kasri. Baada ya hapo kuna mabasi ya kawaida yanayokwenda monasteri za bondeni kama Shey na Thiksey, ambako asubuhi na mapema watawa hukaa kusali na mgeni huruhusiwa kuketi kimya pembeni.

Wapo wanaochagua njia ya busara zaidi. Badala ya kulala Leh siku za mwanzo, hushuka kwa gari hadi Alchi, kijiji kilicho zaidi ya kilomita 60 magharibi, katika mwinuko wa mita 3,100 hivi. Hapo wana hekalu lenye michoro ya ukutani ya miaka mingi mno, iliyo miongoni mwa mashuhuri katika Himalaya yote. Mita 400 pungufu huonekana si kitu kwenye ramani, lakini usingizi huujua utofauti wake.

Anayefika kwa barabara huzoea polepole zaidi, ila inategemea ni barabara ipi. Ile ya Srinagar kupitia Kargil, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 400, ina vituo vya kulala vilivyo chini ya mwinuko wa Leh. Ile ya Manali ni ya kuvutia, lakini wengi hulala Sarchu, karibu mita 4,300, juu kuliko Leh kwenyewe, na huumwa vibaya. Aliye na subira hugawa safari kwa kulala Keylong kwanza. Njia zote mbili huathiriwa na theluji kwa miezi kadhaa ya majira ya baridi.

Kosa linalorudiwa zaidi ni kukimbilia Khardung La, njia ya mlimani iliyo umbali wa kilomita 40 hivi kutoka mjini. Kwa miaka mingi kibao kilichowekwa hapo kilidai mwinuko wa mita 5,602, ingawa vipimo vya kisasa vinaonyesha mita 5,359 hivi. Hata kwa kipimo hicho cha chini, anayekwenda huko siku ya pili baada ya kushuka kwenye ndege anapanda mita 1,800 zaidi kwa saa mbili. Ushauri wa kawaida ni kwamba juu ya mita 3,000 mtu asiongeze zaidi ya mita 500 za mahali anapolala kwa siku.

Yako pia mambo ya kisheria. Wageni kutoka nje ya India huhitaji kibali maalumu kwa maeneo yaliyo karibu na mpaka, yakiwamo Nubra na ziwa Pangong, na kwa desturi kibali hicho kimekuwa kikitolewa kwa kundi la watu wawili au zaidi. Aliye peke yake huenda kwenye ofisi za mawakala, ambako hubandikwa matangazo ya magari yenye nafasi, akaunganishwa na wengine. Simu za setilaiti haziruhusiwi kwa wageni bila idhini ya serikali.

Hali ya kisiasa nayo ni ya kuulizwa kabla ya kuondoka. Mwaka 2019 Ladakh ilitenganishwa na Jammu na Kashmir, ikawa inatawaliwa moja kwa moja na serikali kuu ya Delhi. Tangu wakati huo wakazi wamedai jimbo lao na ulinzi wa kikatiba kwa ardhi yao, na Septemba 2025 maandamano mjini Leh yaligeuka ghasia zilizoua watu wanne.

Maji ya mwenye nyumba

Sababu nyingine ya kwenda polepole haimhusu mgeni bali mwenyeji. Ladakh ni jangwa. Mvua na theluji inayoanguka Leh kwa mwaka mzima ni milimita 100 hivi, na mashamba ya shayiri, ngano na aprikoti huishi kwa maji yanayotiririka kutoka barafu na theluji za milimani.

Kwa vizazi, vijiji vya Ladakh vimeyagawa maji hayo kwa mifereji, chini ya mtu anayechaguliwa na wenzake aitwaye churpon, ambaye huamua shamba lipi linywe leo na lipi lingoje kesho. Wachagga wa Kilimanjaro, wenye mifongo yao, hawatauona utaratibu huo kuwa mgeni kwao. Vyoo vya asili navyo havikutumia maji hata tone: kinyesi kilifunikwa kwa udongo na jivu, na baadaye kikawa mbolea.

Utalii uliuvuruga mpango huo. Hoteli zilihitaji vyoo vya kuvuta maji na bafu za maji ya moto, zikachimba visima virefu, na maji machafu yakaelekezwa ardhini katika mji ambao haukuwa na mfumo wa kutosha wa kuyaondoa. Wageni hufika kwa wingi kiangazi, wakati ule ule ambao mashamba nayo yanayahitaji maji.

Wenyeji hawakukaa kimya. Mhandisi Chewang Norphel alianza katika miaka ya 1980 kuzuia maji ya vijito wakati wa baridi ili yagande karibu na vijiji na kuyeyuka majira ya kupanda. Mwaka 2013 mhandisi mwingine, Sonam Wangchuk, alianza kujaribu kuyagandisha kwa umbo la pia, kama stupa za Wabudha, ili jua lisiyayeyushe upesi. Umbo hilo huyahifadhi maji hadi Aprili na Mei, miezi ambayo mkulima ana mbegu mkononi lakini kijito bado kikavu.

Maji hayo hayo yanaweza pia kuja kwa ghadhabu. Usiku wa kuamkia Agosti 6, 2010, mvua kubwa isiyo ya kawaida ilileta mafuriko ya matope yaliyoua zaidi ya watu 200 mjini Leh na vijiji vya jirani. Nyumba za matofali ya udongo, zilizojengwa kwa nchi isiyo na mvua, hazikuweza kuhimili.

Ndiyo maana namna mgeni anavyokaa ina uzito. Wanaokuja kwa siku nne hutaka kuona yote: gari la kukodi kila siku, shuka mpya kila usiku, chupa za plastiki njiani. Anayekaa wiki tatu katika nyumba ya familia hutumia ndoo moja kuoga, hujaza chupa yake maji yaliyochemshwa, hupanda basi, na fedha yake huishia kwa mwenye nyumba. Katika vijiji vya hifadhi ya Hemis, mpango wa kupokea wageni majumbani ulianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa lengo hilo hilo: wafugaji waliokuwa wakiwaua chui wa theluji kwa kula mifugo yao wapate kipato kutokana na watu wanaokuja kumtazama.

Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Leh methali hiyo huja na tafsiri yake. Siku mbili za kwanza mgeni hana nguvu hata za kulishika jembe. Kazi yake ni kupumua. Siku ya tatu, kichwa kikiwa kimepoa na hatua zimenyooka, anaweza kumsaidia mama mwenye nyumba kubeba kapu la aprikoti hadi darini. Aliyeondoka siku hiyo kwa haraka ya kuona kwingine, anakuwa ameondoka asubuhi ile ile ambayo mwili wake ulikuwa umeanza kufika.